Alamu ya wizi isiyo na waya: namna ya kuichagua, kuipima na kuifunga isikuache solemba

Mwaka juzi niliitwa kwenye duka moja la vipuri vya pikipiki hapa Dar es Salaam. Wezi waliingia usiku kwa mlango wa uani, wakabeba walichoweza, wakaondoka bila king'ora kutoa hata mlio mmoja. Mwenye duka alishaamini kwamba wametumia dawa. Nilipofungua sensa ya mlango ule nilikuta betri imekufa siku nyingi, hata imeanza kuvuja. Paneli ukutani, kile kisanduku kinachopokea habari za sensa zote, ilikuwa inawaka taa ya kijani kama kawaida yake. Kwa paneli ile, mlango uliofungwa vizuri na sensa iliyokata roho vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu vyote viwili viko kimya.

Alamu ya waya haina shida hiyo. Ukikata waya, paneli inaona mkondo umekatika na inapiga kelele. Redio haina waya wa kukatika, hivyo lazima mtu aliyetengeneza kifaa awe amefikiria ukimya: sensa ijitangaze kila baada ya muda kwamba ipo hai, na paneli ihesabu muda huo na kulalamika isipoisikia. Nitalirudia jambo hili mara kadhaa, maana nimeona watu wanalipa pesa nyingi kwa kamera na king'ora kikubwa, halafu hili hawaliulizi.

Nitatumia mfano wa nyumba ya kawaida ya huku kwetu: vyumba vitatu, kuta za tofali za saruji, madirisha yenye grili, bati juu, na fremu moja ya duka mbele inayotazama barabara.

Chora kwanza, nunua baadaye

Chukua karatasi uchore nyumba kutoka juu: milango, madirisha, geti, tangi la maji, mahali gari linapolala. Kisha jiulize wewe ungeingilia wapi kama ungekuwa umesahau funguo na una nyundo. Nyumbani jibu huwa mlango wa uani. Kwenye fremu mara nyingi mlango wa mbele hauguswi kabisa. Wanatoboa ukuta wa nyuma au wanafunua bati na kushukia kwenye dari. Sensa ya mlango haitajua lolote kuhusu mtu aliyeshuka kutoka darini, ndiyo maana fremu inahitaji sensa ya mwendo ndani hata kama mlango wake ni wa chuma.

Kwa nyumba ya mfano wetu orodha inatoka hivi: sensa za mlango mbili (mbele na uani), sensa za mwendo mbili (ukumbini na kwenye fremu), kitufe cha dharura kimoja chumbani, rimoti mbili, king'ora kimoja ndani na kimoja nje. Zaidi ya hapo ni hiari.

Maswali ya kuuliza dukani

La kwanza ni masafa. Vifaa vingi vya bei nafuu vinavyouzwa huku vinatumia 433.92 MHz. Vyenye hadhi kidogo, hasa vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya, viko 868 MHz. Yote mawili yanafaa, ila yana tabia tofauti. Wimbi la 433 MHz lina urefu wa sentimita 69 hivi, linapenya tofali vizuri zaidi, lakini linapata taabu kupita kwenye matundu madogo ya grili. Wimbi la 868 MHz ni nusu ya urefu huo, sentimita 35 hivi, linapoteza nguvu zaidi ukutani lakini linapita kwenye tundu la dirisha kwa urahisi zaidi. Upande mwingine, 433 MHz ina watu wengi: rimoti za mageti, za magari, kengele za mlangoni, vyote vinapiga kelele humo humo.

Hapa nitoe onyo kwa wenye ndugu Marekani. Seti ya alamu iliyonunuliwa kule huenda ikawa inatumia 345 MHz, 319.5 MHz au masafa ya karibu na 915 MHz. Kule eneo la 902 hadi 928 MHz ni la vifaa vidogo kama hivi. Huku kwetu sehemu ya eneo hilo iko kwenye masafa ya simu za mkononi, kwa hiyo kifaa chako kitasumbuliwa na simu na chenyewe kitasumbua. Isitoshe, adapta ya kule inaweza kuwa ya volti 120. Mshukuru ndugu yako, mwombe akutumie viatu. Na kwa kifaa chochote cha redio, ulizia kama kimethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au na Communications Authority kama uko Kenya.

Swali la pili ni la msimbo. Kila rimoti na sensa inapotuma habari inajitambulisha kwa namba. Kwenye vifaa vya zamani vyenye chipu ya PT2262, namba hiyo inapangwa kwa pini nane zenye hali tatu kila moja, jumla namba 6,561. Si nyingi, na watu hawabadilishi mpangilio wa kiwandani, kwa hiyo si ajabu rimoti ya jirani ikazima alamu yako. Chipu ya EV1527 ina namba zaidi ya milioni moja na inauzwa ikiwa tayari na namba yake, jambo ambalo linaondoa mgongano wa majirani. Lakini namba ni ile ile kila ukibonyeza. Mtu mwenye kifaa cha kurekodi redio, aliyekaa mtaani siku moja jioni, anaweza kuinasa na kuirudia kesho.

Hatua bora zaidi ni msimbo unaobadilika kila ukibonyeza. Hata huo una ujanja wake. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa Marekani, alionyesha kijikifaa kinachoziba mawimbi ya rimoti huku kikirekodi msimbo ambao haujatumika, ili kiutumie baadaye. Kilichobaki juu kabisa ni mifumo ya njia mbili: paneli na sensa zinajibizana kwa lugha iliyofichwa, na sensa ikituma habari inasubiri kuambiwa "nimekupata". Isipojibiwa inatuma tena. Mfumo wa njia moja unatupa ujumbe hewani na kutumaini.

Namna ya kujua bila kufungua kifaa: soma boksi na kitabu chake. Ukiona imeandikwa EV1527 au PT2262, jua ni msimbo usiobadilika. Kama bajeti ndiyo hiyo, nunua, lakini usitumie rimoti kuzimia alamu. Tumia vitufe vya namba vilivyoko kwenye paneli yenyewe, rimoti ibaki ya kuwashia na ya dharura. Sensa zinaweza kuwa za bei poa. Anayefungua na kufunga nyumba asiwe wa bei poa.

Swali la tatu unalijua tayari: sensa ikinyamaza, paneli inajua baada ya muda gani? Muuzaji akijibu "hii haina shida kabisa, bosi", hajajibu. Ziko paneli zinazosubiri dakika chache, ziko zinazosubiri saa kadhaa, na ziko zisizosubiri chochote kwa sababu hazisikilizi. Ukikuta kwenye boksi kiwango cha Ulaya cha EN 50131 daraja la 2, hicho kina masharti juu ya jambo hili na kinafaa nyumba na duka dogo.

Pima mawimbi kabla hujashika drili

Sehemu hii ndiyo mafundi wengi wanairuka, na ndiyo yenye kazi yenyewe. Boksi litakuambia mita 100 au 300. Hizo ni za uwanjani, hakuna hata mti. Nguvu ya vifaa hivi ni ndogo kwa makusudi. Kanuni za Ulaya zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinaruhusu miliwati 10 tu kwenye 433 MHz. Ndani ya nyumba yenye zege na nondo, mita 15 zinaweza kuwa safari ndefu.

Weka paneli mahali pa katikati, ndani, mbali na mlango wa mbele ili mwizi asiifikie ndani ya nusu dakika. Isikae nyuma ya friji wala televisheni, wala ndani ya kabati la chuma. Iwe mita moja au zaidi kutoka kwenye inveta ya sola na chaja za bei poa, ambazo humwaga kelele za umeme. Antena yake isimame wima. Kama ni kipande cha waya kinachoning'inia, cha 433 MHz kina urefu wa sentimita 17 hivi, robo ya wimbi. Usikikate, usikikunje, usikifunge na nyaya za umeme ili kazi ionekane nadhifu. Nimeshakuta kimekatwa "kwa sababu kilikuwa kinaning'inia vibaya".

Sasa sajili sensa zote kwenye paneli ukiwa mezani, ukizipa majina yanayoeleweka: "mlango uani", "fremu". Ukisajili zoni (nafasi za sensa kwenye paneli) 1 hadi 8 bila majina, siku alamu ikilia saa nane usiku hutakumbuka zoni 5 ni wapi. Halafu:

1. Rudisha nyumba katika hali ya usiku. Funga milango, grili na geti. Ingiza gari mahali linapolala. Jaza tangi la maji, maana maji hunyonya mawimbi, na tangi lililojaa kati ya fremu na paneli si sawa na tangi tupu.

2. Bandika sensa kwa utepe wa karatasi wenye gundi mahali pale pale itakapokaa, si karibu na hapo.

3. Weka paneli kwenye hali ya majaribio na iamshe sensa mara kumi. Hesabu. Ikifika mara tisa, hapo hapafai.

4. Kama paneli inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, kumbuka kwamba -60 ni nguvu na -100 ni mnong'ono. Tafuta kiwango cha chini ambacho paneli bado inasikia, kisha hakikisha sensa yako iko angalau desibeli 10 juu yake. Kama haionyeshi namba, rudi nyuma na sensa hadi karibu mara mbili ya umbali, upande ule ule, ujaribu tena mara kumi. Ikifaulu huko, mahali pake pa kweli una akiba.

Akiba hiyo ni ya siku mbaya: mvua imelowesha kuta, betri imechoka, mtu ameegesha kabati jipya la chuma mbele ya sensa.

Ikishindikana, usikimbilie kununua ripita, kifaa cha kupokea mawimbi na kuyatuma tena. Sogeza sensa kidogo kwanza. Mawimbi hugonga bati, grili na nondo na kurudi, na yanapokutana yanaweza kufutana. Mahali yalipokufa na mahali yalipo hai panaweza kutengana kwa sentimita 20 au 30 tu. Mara nyingi nimehamisha sensa kutoka upande mmoja wa fremu ya mlango hadi mwingine na tatizo likaisha. Jaribu pia kuhamisha paneli yenyewe, hasa kuipandisha juu ya usawa wa kabati na friji.

Kufunga sensa

Sensa ya mlango ni vipande viwili, sumaku na kisambazaji. Sumaku inakaa kwenye ubao unaosogea, kisambazaji (kinachotuma mawimbi) kwenye fremu ya mlango, na nafasi kati yao isizidi sentimita moja mlango ukifungwa. Kwenye mlango wa mbao kazi inaisha kwa dakika kumi. Mlango wa chuma ni habari nyingine. Chuma kinavuta nguvu ya sumaku, na kisambazaji kilichogandishwa kwenye bamba la chuma kinapoteza mawimbi yake mengi. Weka kipande cha plastiki au mbao chenye unene wa sentimita moja au mbili chini ya kila kipande. Bora zaidi, nunua kisambazaji chenye sehemu ya kuunganisha waya mfupi: swichi ya sumaku ya kazi nzito inakaa mlangoni, kisambazaji kinakaa ukutani, mbali na chuma.

Sensa ya mwendo haioni mwendo, inaona joto linalohama. Ifunge kwenye kona, mita 2.1 hadi 2.3 kutoka sakafuni, ikitazama ndani, ili mtu alazimike kukatiza mbele yake. Mtu anayeijia moja kwa moja anaonekana kwa shida zaidi. Isitazame dirisha lenye jua wala pazia linalopeperushwa na feni. Na huku pwani kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana: fremu iliyofungwa chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana mwezi wa pili, inakaribia joto la mwili wa mtu. Tofauti ikipotea, sensa inakuwa kipofu. Usiku haina neno, lakini kama duka linafungwa mchana wa Ijumaa au Jumapili, nunua sensa yenye teknolojia mbili, ile inayoongeza mawimbi ya maikrowevu, au usitegemee sensa ya mwendo peke yake.

Mijusi nao. Mjusi akitembea juu ya kioo cha sensa, kwa sensa ile ni jitu. Ziba kwa silikoni kila tundu la nyuma ili mende, sisimizi na buibui wasiingie, na usiifunge karibu na taa inayovuta wadudu.

Jambo moja linalowachanganya wateja: sensa nyingi za mwendo zisizo na waya zikishaamka mara moja hulala hadi chumba kitulie dakika mbili au tatu, ili kuokoa betri. Ukiipungia mkono kila sekunde haitajibu, na utadhani ni mbovu. Toka chumbani, subiri, kisha ingia kama mwizi.

Ving'ora: kimoja ndani, kwa sababu kelele ya karibu humkosesha mwizi utulivu, na kingine nje, juu pasipofikika bila ngazi. Kipange kilie dakika tano kisha kinyamaze. King'ora cha saa nzima huwafundisha majirani kukipuuza.

Umeme na njia ya kutoka nje

Umeme utakatika, na mwizi mwenye akili huanza kwa kuukata mwenyewe. Paneli yenye betri ya 12 V na 7 Ah, ikila miliampia 120, inapata saa 58 kwa hesabu ya karatasi. Wewe hesabu 35, kwa sababu betri huchoka na joto huiharakisha. King'ora hakitishi: miliampia 400 kwa dakika tano ni kama 0.03 Ah tu. Weka pia kilinda volteji kabla ya adapta. Kurudi kwa umeme huua paneli kuliko kukatika kwake.

Ndani ya nyumba redio imemaliza kazi. Sasa habari itoke nje. Intaneti ya waifai peke yake haitoshi, kwa kuwa ruta inazimika pamoja na umeme isipokuwa umeipa betri yake ndogo. Laini ya simu ndani ya paneli ndiyo njia ya pili. Ondoa namba ya siri ya laini kabla ya kuiingiza, andika namba za watu kuanzia na +255, na panga paneli itume ujumbe wa kujaribu kila wiki. Ujumbe huo unafanya kazi mbili: unakuonyesha kwamba salio lipo, na unazuia laini isifungwe kwa kutotumika. Weka namba tatu: yako, ya jirani anayelala nyumbani, na ya mjumbe au mlinzi wa mtaa. Usipange paneli ipige 112 yenyewe; polisi wanahitaji mtu anayeeleza, si mlio.

Ukilipia kampuni ya ulinzi yenye gari la kuitikia, kisambazaji chao mara nyingi ni cha masafa marefu na kina antena yake. Waulize swali lile lile: chombo changu kikinyamaza, mtajua baada ya muda gani, na mtampigia nani?

Jaribio la foili

Wiki ya kwanza, siku ambayo hamna haraka, chukua sensa moja ya mlango ikiwa nzima. Usiitoe betri, kwa kuwa kuifungua kunaamsha swichi ya tampa, ile inayotambua kifuniko kikifunguliwa, na paneli itajua papo hapo. Tunataka kuona inafanya nini isipoambiwa kitu. Ifungeshe kwenye foili ya jikoni, tabaka tatu, bila kuacha mwanya. Hakikisha paneli haiisikii tena kwa kusogeza sumaku yake. Sasa tazama saa.

Ikilalamika ndani ya muda ulioandikwa kwenye kitabu, vizuri. Jaribu pia kuiwasha alamu ukiwa katika hali hiyo: paneli nzuri itakataa au itakuonya kwamba zoni moja haipo. Kesho yake ikiwa bado inawaka kijani na kukubali kuwashwa kama kawaida, una mfumo usiojua kuhesabu watu wake. Rudisha dukani kama bado una risiti. Kama huwezi, jiwekee siku moja ya kila mwezi, mathalani siku ya kulipa kodi ya fremu, uzungukie kila mlango na kuuamsha mmoja mmoja huku mtu mwingine akitazama paneli. Usinunue kifaa cha kuziba mawimbi ili kujaribia. Sheria hairuhusu, na utawazimia majirani rimoti za mageti.

Mwisho, chukua kalamu ya maka uandike tarehe ndani ya kifuniko cha kila sensa siku unapoweka betri. Nyingi hutumia CR123A ya volti 3. Rimoti ndogo hutumia 23A ya volti 12. Zile zinazouzwa barabarani kwa bei ya pipi ndizo nilizozikuta kwenye mlango ule wa vipuri.